Auni kwa Mwanafunzi Fukara katika Vyuo vya Jamii vya Marekani

Nchini Marekani vimo vyuo zaidi ya elfu moja vinavyompokea kila mwenye nia ya kusoma, awe kijana aliyemaliza sekondari mwaka huo huo au mama wa makamo aliyeacha shule miaka ishirini iliyopita, bila kumtaka alama za juu wala nasaba wala mali, vikamfundisha kwa muda wa miaka miwili hivi, kisha akatoka ama kuingia kazini na ujuzi wa uuguzi, uhasibu au ufundi wa magari, ama kuhamia chuo kikuu akamalizie shahada yake huko. Vyuo hivyo huitwa vyuo vya jamii. Kikongwe kuliko vyote vya umma vilivyodumu hadi leo kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Na Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, tume iliyoteuliwa na Rais Harry Truman ilitoa shauri mwaka 1947 kwamba vyuo vya namna hiyo vienezwe nchi nzima, karibu na makazi ya watu, ili mtoto wa kibarua asizuiwe na umbali wala na ada.

Nia ilikuwa njema, na mlango ulifunguliwa kweli. Walakini kumfungulia mtu mlango ni jambo moja, na kumwezesha kukaa ndani hadi akamaliza alichokijia ni jambo jingine. Na maadamu watawala wa elimu waliyachanganya mambo hayo mawili kwa miaka mingi, wale waliohitaji elimu kuliko wenzao wote ndio waliokuwa wakiondoka mapema na mikono mitupu, na waliobaki wakisema kwamba walioondoka hawakuwa na bidii. Maneno hayo ni dhuluma. Mtu anayefanya kazi ya usafi usiku, akalala kwa muda wa saa nne tu, akampeleka mtoto kwa jirani, kisha akapanda mabasi mawili kufika darasani, hawezi kusingiziwa uvivu na mwenye kujua maana ya uvivu.

Chukua mfano wa California, jimbo lenye vyuo vya jamii 116 na ada ndogo kabisa kwa kipimo cha nchi ile. Ada huko huhesabiwa kwa uniti, na kila uniti moja ni dola 46. Somo la kawaida lina uniti tatu, kwa hiyo bei yake ni dola 138, na mkazi wa jimbo mwenye kipato kidogo husamehewa hata hizo. Msomaji ataona kwamba hapo taabu imekwisha, kumbe ndipo inapoanza, kwa sababu kitabu kimoja cha somo hilo, hasa likiwa somo la hisabati au la elimu ya viumbe, chaweza kupita bei ya somo lenyewe, wala hakuna anayekisamehe; na juu ya kitabu kuna pango la nyumba, nauli, maakuli, na malipo ya yule anayemshika mtoto. Mwanafunzi hukaa wiki tatu akisubiri mshahara ili anunue kitabu, na siku anapokipata mkononi mtihani wa kwanza umekwisha kupita. Aghalabu kinachomwangusha mtu ni kitu kidogo cha namna hiyo: gari lililoharibika, homa ya mtoto, msimamizi wa kazi aliyebadilisha zamu bila taarifa. Tajiri hupatwa na mambo hayo hayo, akayalipia, akayasahau kabla ya jioni.

Serikali ya Marekani iliutambua ukweli huu kwa sheria katika zama za Rais Lyndon Johnson, mtu ambaye katika ujana wake aliwahi kuwa mwalimu wa watoto fukara wenye asili ya Meksiko katika mji wa Cotulla, Texas, na ambaye mwaka 1965 alirudi San Marcos, kwenye chuo alichosomea mwenyewe, akatia saini hapo Sheria ya Elimu ya Juu. Kutokana na sheria hiyo na ile ya kupiga vita umasikini iliyoitangulia mwaka 1964 ikazaliwa mipango mitatu ya kuwasaidia wanafunzi waliodhoofishwa na hali zao, nayo ikaitwa TRIO kwa sababu ya utatu wake, jina ambalo halikubadilika hata mipango ilipoongezeka. Ule wa tatu, ulioanza mwaka 1968, ndio unaomhusu mwanafunzi aliyekwisha kuingia chuoni. Halafu mwaka 1972 ikawekwa hiba ya serikali kwa wanafunzi wenye shida, isiyorudishwa kama mkopo, ambayo tangu 1980 huitwa kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island aliyeipigania; kima chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395, na mwanafunzi akiisha kulipa ada hutumia kilichosalia kwa kitabu, nauli na chakula.

Mpango wa 1968 huwahudumia watu wa namna tatu: wenye kipato kisichozidi asilimia 150 ya kiwango cha umasikini kilichowekwa na serikali, wenye ulemavu, na wale ambao baba wala mama yao hakupata shahada ya kwanza. Hili la tatu ni jambo la busara kubwa, nami ningependa kulikalia kidogo. Umasikini wa fedha huonekana kwa macho, lakini upo umasikini wa habari ambao mwenyewe haujui, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni nini asichokijua. Katika nyumba ya waliosoma mtoto husikia kwenye mazungumzo ya chakula cha jioni ya kuwa mwalimu wa chuo ana saa zake za kupokea wanafunzi ofisini na si kosa kwenda kumwuliza. Ya kuwa somo likimwelemea mtu anaweza kulifuta kwa maandishi kabla ya tarehe fulani, jina lake likabaki safi. Ya kuwa si kila somo lililosomwa hapa hukubaliwa na chuo kikuu atakachohamia. Mtoto wa mvuna zabibu hayasikii hayo kwa yeyote, huyajua kwa kuumia.

Na maumivu yenyewe si madogo. Kanuni za hiba ya serikali zasema kwamba mwanafunzi akiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha alizopewa huhesabiwa kuwa hakuistahiki, na sharti irudishwe. Mama ambaye mtoto wake amelazwa hospitali, akaacha kuhudhuria pasipo kumwarifu mtu kwa kuwa aliona haya, au kwa kuwa alidhani kutofika darasani kwatosha kuwa ni kujitoa, hupata barua ya deni miezi michache baadaye. Na akitaka kurudi, aghalabu chuo hakimwandikishi mpaka alilipe. Mtu mmoja tu wa kumwambia, "Usiache hivi hivi, njoo kwanza tuzungumze," angeweza kumwokoa. Mtu huyo ndiye mshauri, na katika mambo yote nitakayoyataja hakuna ninayemwona bora kuliko yeye.

California haikungojea serikali kuu ifanye yote. Mwaka 1969, vuguvugu la haki za raia lilipokuwa limeingia vyuoni, na wanafunzi weusi na wenye asili ya Meksiko walipokuwa wakiuliza kwa sauti elimu ya umma ni ya umma upi, Seneta Alfred Alquist alipitisha katika baraza la jimbo muswada wa kuanzisha mpango ambao hata leo kila chuo cha huko kinaujua kwa herufi nne, EOPS. Msingi wake ni kwamba auni inayotolewa lazima iwe juu ya ile ambayo chuo humpa kila mwanafunzi na zaidi yake, wala chuo kisichukue fedha hizi kufanyia kazi ambayo kingepaswa kuifanya vyovyote vile. Sharti hilo lilitiwa kwa hekima, maana ni desturi ya mafungu ya masikini kumezwa na matumizi ya kawaida.

Anayepokewa katika mpango huo hupewa hati ya kuchukulia vitabu katika duka la chuo, akaipeleka mwanzoni mwa muhula, si wiki ya nne. Hutangulizwa kujiandikisha masomo kabla ya umati, neema ambayo asiyekuwa na mtoto wala zamu ya kazi hawezi kuijua thamani yake: somo la hisabati la saa tatu asubuhi hujaa upesi, na mama anayeweza kuhudhuria asubuhi tu, nafasi ikijaa, amepoteza nusu mwaka. Kisha kuna mshauri, ambaye lazima waonane walau mara tatu kila muhula. Mara ya kwanza wanakaa na karatasi mbele yao iliyogawanywa kwa mihula, wakaandika humo kila somo toka la sasa hadi la mwisho, na kando yake chuo kikuu kitakachotarajiwa. Mara ya pili katikati ya muhula, walimu wakiwa wameleta habari za maendeleo yake, ili lililoharibika litengenezwe kabla halijaoza. Na mara ya tatu karibu na mwisho, kutazama yaliyopatikana na yanayofuata. Mwanafunzi naye hutia saini kwamba atatimiza upande wake. Mwaka 1982 ukaongezwa mpango mdogo ndani ya huo, unaoitwa CARE, kwa ajili ya wazazi wanaolea watoto peke yao huku wakipokea msaada wa serikali, ili wasaidiwe malezi ya mtoto, nauli na vitabu kupita wenzao.

Wapo waliouliza, nao wana haki ya kuuliza, kama hisani zote hizi huzaa matunda au ni huruma tu. Jawabu lililo madhubuti kuliko yote limetoka New York. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, kwa fedha za serikali ya jiji, kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango uitwao ASAP. Na kuanzia mwaka 2010 shirika la utafiti la MDRC liliupima kwa njia ya uadilifu kabisa, wakachukuliwa wanafunzi 896 wa kipato kidogo katika vyuo vitatu, wote wakiwa wamepungukiwa na maandalizi ya hisabati au ya Kiingereza, wakagawanywa kwa kura: hawa waingie katika mpango, na hawa waendelee na huduma za kawaida. Kwa kuwa kura haina upendeleo, tofauti iliyotokea haiwezi kudaiwa kuwa ni ya akili wala ya bidii. Baada ya miaka mitatu, katika kila mia moja waliokuwa nje ya mpango 22 walikuwa wamepata shahada ya miaka miwili. Waliokuwa ndani walikuwa 40.

Walifanyiwa nini? Walifutiwa ada iliyosalia baada ya ruzuku, wakaazimwa vitabu bure, wakapangiwa masomo yaliyofuatana ili siku isikatike vipande, wakapewa walimu wa ziada. Na mshauri wao alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80, hali washauri wa kawaida katika vyuo hivyo walikuwa na wanafunzi kati ya 600 na 1,500 kila mmoja. Mwenye watu elfu moja hawezi kumjua mtu. Akiketi naye dakika kumi hutazama jina lake kwenye daftari, akamsainia fomu, akamwita mwingine; atajuaje kwamba huyu kafukuzwa katika nyumba aliyopanga? Mwenye watu sabini huwajua kwa sura, na asipomwona mmoja wiki mbili humpigia simu.

Liko jambo jingine katika mpango huo ambalo laonekana dogo, nami naliona kuwa ndilo lililotengenezwa kwa akili kupita yote. Kila mwezi mwanafunzi alipewa kadi ya usafiri, ya treni za chini ya ardhi na mabasi, kwa sharti la kushiriki katika mpango na kuonana na mshauri wake. Kadi ile ilimwondolea wasiwasi wa nauli, lakini pia ilimpa mwenye haya sababu ya kuingia ofisini isiyokuwa na fedheha. Hakulazimika kusema, "Nina shida." Alisema amefuata kadi, na akiisha kuketi, maneno mengine yalijileta yenyewe. Mpango ulipochukuliwa na vyuo vitatu vya Ohio, ambako watu wengi hutumia magari yao, kadi ya treni isingefaa kitu, kwa hiyo wakapewa kadi ya dola 50 kwa mwezi ya kununulia petroli au vyakula, nayo matokeo yakawa karibu sawa na ya New York.

Gharama ya kila mwanafunzi wa ASAP ilizidi ya kawaida kwa zaidi ya asilimia 60, na hapo ndipo wakuu wengi wa hazina hufunga daftari. Lakini kwa kuwa waliohitimu walikuwa karibu mara mbili, fedha iliyotumika kumpata mhitimu mmoja ilipungua badala ya kuongezeka. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaotaka kuchagua kipande kimoja cha auni kilicho rahisi, kama kitabu peke yake au nauli peke yake. Mtungi uliotoboka mahali patatu hautashika maji kwa kuzibwa tundu moja.

Hata hivyo, mipango hii ina upungufu ambao haifai kuufunika. ASAP humtaka mtu asome muda kamili, na EOPS hali kadhalika humtaka aandikishe uniti 12, ingawa kanuni zaruhusu hadi sehemu moja katika kumi ya watakaopokewa wawe na uniti 9. Sababu yao ni ya haki, maana anayesoma kidogo kidogo huchelewa, na anayechelewa hukutwa na misukosuko mingi njiani. Lakini ni nani asomaye nusu muda? Aghalabu ni yule ambaye asipofanya kazi wiki nzima familia hailali chini ya paa. Hivyo auni kubwa humpita aliye chini kabisa, ikamfikia aliye hatua moja juu yake.

Msaada wa chakula wa serikali nao una mgongano wake. Mtu mwenye umri kati ya miaka 18 na 49 anayesoma nusu muda au zaidi hapewi msaada huo ila awe anafanya kazi ya kulipwa saa 20 kwa wiki, au awe na udhuru uliotajwa, kama kulea mtoto chini ya miaka sita. Mpango mmoja wamwambia, "Soma muda kamili ndipo utasaidiwa," na mwingine wamwambia, "Fanya kazi ndipo utakula." Udhuru zenyewe ni nyingi na zimeandikwa kwa lugha nzito, hata ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti mwishoni mwa 2018 kwamba karibu wanafunzi milioni 2 walioelekea kustahiki hawakuonekana kuupokea. California imeutatua mgongano huo kwa namna ninayoisifu: mwanafunzi aliyeandikwa katika EOPS huhesabiwa kuwa ametimiza sharti, asidaiwe zile saa 20. Na kwa sheria ya mwaka 2021 kila chuo cha jamii cha huko kimetakiwa kuwa na kituo cha mahitaji ya lazima, mahali pamoja ambapo mtu hupata chakula, habari za makazi na mtu wa kumjazia fomu. Amarillo College ya Texas iliwatangulia wengi katika njia hiyo, ikaajiri wataalamu wa ustawi wa jamii, ikafungua ghala la chakula na mfuko wa dharura, ikitambua kwamba mtu mwenye njaa hafundishiki.

Mambo haya yanawahusu wasemaji wa Kiswahili kwa karibu zaidi kuliko wanavyodhani. Wakongomani waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha wakahamishiwa Kentucky, Ohio au Texas kama wakimbizi, wanastahiki hiba ya Pell na mpango wa 1968 sawasawa na raia, bila kungoja uraia. Vivyo hivyo Mkenya au Mtanzania mwenye kibali cha ukazi wa kudumu. Lakini kijana aliyekwenda kwa viza ya masomo hayumo. Yeye hapati ruzuku ya serikali kuu, na hutozwa ada ya mgeni, ambayo ni maradufu ya ada ya mkazi na zaidi. Wazazi walioko Eldoret au Moshi wanaouza shamba kwa kusikia kwamba vyuo vya Marekani huwasaidia masikini yafaa walijue hilo kabla ya kusaini mauziano.

Mkimbizi naye huanza kazi mapema, kwa kuwa msaada wa kumpokea ni wa miezi michache, akajikuta katika kiwanda cha nyama au ghala la bidhaa saa 40 kwa wiki, na elimu ikabaki ya usiku. Huyo asikate tamaa anapoambiwa kwamba EOPS au ASAP ni ya wasomao muda kamili. Ule mpango wa serikali kuu wa 1968 haumtaki muda kamili, na hiba ya Pell hutolewa kwa kadiri ya masomo aliyoandikisha, hata yakiwa machache. Aende katika ofisi ya TRIO ya chuo chake, kama chuo hicho kinayo, kabla ya muhula kuanza, kwa sababu nafasi zina idadi na hujaa. Achukue hati zake za ukimbizi na za kipato cha mwaka uliopita. Na aulize maswali matatu kwa uwazi: nani atakuwa mshauri wangu, nitamwona lini, na nikipatwa na jambo katikati ya muhula nimpigie nani kabla sijaacha.